Sanduku la Fundi Marehemu: Kufufua Zana Zilizoliwa na Kutu Fumba

Ikiwa umerithi sanduku la zana la mzee aliyekuwa akichonga ngalawa au kuunda mashua pwani ya Fumba, usianze na msasa. Usianze na brashi ya waya pia, wala usimpelekee kijana wa grenda aliyeko barabarani. Anza na maji ya mvua, pipa zima kama unalo. Kutu unayoiona ni matokeo tu. Inayoileta ni chumvi, na chumvi haitoki kwa kusuguliwa.

Fumba ni rasi, kusini-magharibi mwa Unguja. Upande mmoja kuna Ghuba ya Menai, iliyotangazwa eneo la hifadhi mwaka 1997, na upande wa pili kuna mkondo wa bahari unaotutenga na Bara. Kusi likivuma, tangu Juni hadi Septemba, upepo hubeba vinyunyu vya mawimbi na kuviingiza dirishani, kwenye makuti, ndani ya masanduku. Zana ya fundi wa vyombo imepata zaidi ya hapo: imefanya kazi mchangani, imeoshwa kwa maji ya bahari, imeangushwa kwenye maji ya kina cha magoti wakati chombo kinashushwa. Ikiwa na miaka arobaini, chumvi imeshaingia ndani kabisa ya vishimo vyake.

Chumvi ina tabia mbili mbaya. Kwanza huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo chuma chenye chumvi huwa kimelowa hata siku ambayo shati lako limekauka. Pili, kloridi yake hujipenyeza chini ya tabaka la kutu, ikakaa baina ya kutu na chuma kizima, na huko haiishi. Inashiriki kazi ya kula chuma, kisha inabaki pale pale tayari kwa duru nyingine. Ndiyo maana tezo inayosuguliwa ikang'ara na kupakwa mafuta huweza kutoa, wiki chache baadaye, matone madogo ya rangi ya chungwa, kama jasho. Watu husema mafuta yalikuwa mabaya. Mafuta hayana kosa; chumvi ilifungiwa ndani.

Wenye shaka watazame mizinga ya shaba yenye maandishi ya Kireno iliyowekwa mbele ya Beit al-Ajaib pale Forodhani. Ina karne kadhaa na bado inasomeka, kwa kuwa ni shaba nyeusi. Chuma kingekaa mbele ya bahari ile ile muda huo bila kutunzwa kingebaki maganda.

Basi mimina vitu vyote juu ya jamvi kuukuu, nje, penye kivuli, na uvitenge kabla ya kufanya lolote. Kwenye sanduku la kawaida la fundi wa vyombo utakuta tezo moja au mbili, shoka, juba la kutoboa mashimo ya pembe nne, patasi za upana mbalimbali, chembeu la kushindilia pamba ya kalafati, keekee pamoja na uta wake, misumeno, randa, nyundo, tindo, tupa, na rundo la misumari. Vyenye mpini wa mbao viweke upande wake. Vyenye skurubu au nati, kama randa za chuma na spana, viweke upande mwingine. Kilichobaki ni chuma kitupu, na hicho ndicho rahisi.

Tafuta chapa. Paka mate kidoleni, sugua karibu na shingo ya zana, kisha itazame kwa mwanga wa ubavuni. Ukiona Sheffield, umepata chuma cha pua cha Uingereza, na patasi ya namna hiyo hata ikiwa imechakaa huwa bora kuliko nyingi zinazouzwa mpya leo. Misumeno ya Disston ilitoka Philadelphia, randa za Stanley zilitoka Connecticut, zote za Marekani. Lakini kitu chenye thamani kuliko vyote mara nyingi hakina chapa: tezo iliyofuliwa na mhunzi wa hapa kwa springi ya lori, au kwa chuma laini kilichoungwa ulimi wa chuma kigumu mbele. Hiyo haiuzwi dukani. Iandikie alama kwa chaki, maana utashughulika nayo kwa namna yake.

Kuna jambo moja linalopaswa kusemwa hapa kabla hatujaendelea. Masanduku ya wazee hayana zana peke yake. Ikiwa chini kabisa, ndani ya kitambaa, utakuta bastola kuukuu au risasi, mwongozo huu haukuhusu tena. Usiisafishe, usiitie mafuta, usijaribu kuifungua uone kama ina kitu ndani. Silaha iliyokwama kwa kutu inaweza kuwa na risasi chumbani, na risasi ya zamani haiwi salama kwa kuwa ya zamani. Usiitie mfukoni ukapanda nayo daladala kwenda Mjini. Iache pale ilipo, watoto waondoke, mwite sheha au piga simu kituo cha polisi waje wenyewe. Kuwa na silaha bila kibali ni kosa la jinai hata kama ni urithi, na Jeshi la Polisi hutangaza mara kwa mara vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari. Anayetoa taarifa mwenyewe yumo katika hali tofauti kabisa na anayekutwa nayo.

Sasa turudi kwenye pipa. Maji yanayofaa ni ya mvua. Visima vingi vya rasi hii vinachanganyika na maji ya bahari kupitia mawe ya matumbawe, na kila mwenyeji anajua kisima kipi chai yake haina ladha nzuri. Maji hayo yatarudisha kile unachotaka kukitoa. Masika ndiyo msimu bora wa kuanza kazi hii, kati ya Machi na Mei, kwa sababu paa la bati litakupa maji bure; acha mvua ya kwanza ioshe bati, ukinge ya pili.

Tia kwenye ndoo ya plastiki maji ya kufunika zana, ongeza magadi soda, kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita nne, ukoroge mpaka yayeyuke. Magadi huyafanya maji yasizidishe kutu wakati chuma kimezama, na husaidia kloridi kuachia. Magadi ya mawe yanayotumiwa kulainishia maharage yana chumvi yake ya asili ndani, kwa hiyo chukua soda safi ya kufulia ukiipata. Mwaga maji hayo kila siku na utie mengine. Patasi nyembamba isiyo na vishimo itatosheka kwa siku tatu au nne. Tezo yenye vishimo virefu iache wiki mbili, na usione uchungu. Hatua hii haina lolote la kutazama. Chuma kinatoka kikiwa na kutu ile ile, rangi ile ile. Hapo ndipo wengi wanapochoka na kuiruka, na hapo ndipo kazi yote inapoharibika.

Vyenye mpini usivizamishe na mbao zake. Mpini ukilegea, utoe kwa kugonga kutoka upande wa juu. Ukigoma, ukate karibu na chuma, uchimbe mabaki kwa tindo na keekee. Mpini wa tezo uliopinda vizuri, uliolainishwa na kiganja cha mwenyewe, usiutupe hata ukivunjika. Utakuwa kipimo cha kuchongea mwingine.

Baada ya chumvi ndipo kutu. Zipo njia tatu ninazoziamini, na kila moja ina mahali pake.

Ya kwanza ni ya tindikali ya jikoni: siki, ndimu, au ukwaju. Siki ya dukani yenye nguvu ya asilimia tano inatosha. Zamisha zana ndogo kama patasi, chembeu na biti za keekee kwa usiku mmoja, si zaidi ya saa ishirini na nne. Asubuhi kutu itakuwa imegeuka uji mweusi unaotoka kwa kumbi la nazi. Ukiiacha siku tatu, siki itamaliza kutu kisha itageukia chuma chenyewe, na utatoa patasi ya rangi ya kijivu iliyochakaa uso mzima. Ukitoa zana, ichovye mara moja kwenye maji ya magadi ili kuua ukali, isuuze kwa maji ya mvua, ifute, iweke juani au juu ya chungu cha moto hapo hapo. Chuma kilichotoka kwenye siki huvaa kutu nyembamba ya manjano kabla hujamaliza kukunja mikono ya shati. Ndimu hufanya kazi hiyo hiyo kwa gharama kubwa zaidi. Itumie kwa doa moja tu, na kitambaa.

Ya pili ni molasi, ile nyeusi nzito inayobaki baada ya kutengeneza sukari. Unguja ina kiwanda cha sukari Mahonda, na molasi ni chakula cha mifugo kinachojulikana. Changanya sehemu moja ya molasi na sehemu tisa za maji, zamisha zana, funika ndoo vizuri, iweke mbali na nyumba. Itachacha na kunuka, na sisimizi wa kijiji kizima watapata habari. Wiki mbili baadaye kutu imeachia yenyewe, nayo chuma kizima karibu hakikuguswa. Kwa kitu chenye pembe nyingi na mashimo yasiyofikiwa na brashi, kama mwili wa randa ya chuma au spana yenye meno, hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote. Haihitaji umeme wala hesabu ya saa. Inahitaji majirani wavumilivu.

Ya tatu ni umeme, nayo inafaa kwa vitu vikubwa vilivyoliwa sana: shoka, kichwa cha tezo, nyundo. Utahitaji chaja ya betri ya gari ya volti kumi na mbili, ile ya kizamani, ndoo ya plastiki, maji yenye magadi soda kwa kipimo kile kile cha kijiko kimoja kwa lita nne, na kipande cha chuma kikuukuu cha kutoa sadaka, kwa mfano nondo. Waya wa hasi ufunge kwenye zana yako, waya wa chanya kwenye nondo, na viwili hivyo visigusane ndani ya maji. Ukivigeuza, nondo itasafishwa na zana italiwa. Washa. Mapovu madogo yakianza kupanda kutoka kwenye zana, kazi imeanza, na baada ya saa sita hadi kumi na mbili kutu nyekundu itakuwa imegeuka nyeusi, laini, ya kufutika.

Njia hii ina masharti yasiyo na mzaha. Ifanyie nje, mbali na jiko na sigara, kwa kuwa mapovu yale ni hidrojeni, nayo hulipuka. Zima chaja kwanza, ndipo utie mkono majini. Usitie chumvi ya mezani ukidhani unaongeza nguvu ya umeme. Utatoa gesi ya klorini na utarudisha adui uliyemfukuza kwa wiki mbili. Na upande wa chanya usiweke kijiko wala sufuria ya stenlesi, kwa sababu kromu iliyomo hugeuka sumu kali ndani ya maji, sumu ambayo hutajua pa kuimwaga. Zana yenye makali magumu ikitoka, iache ipumzike siku moja mahali pakavu kabla ya kuigonga au kuinoa.

Watakuja washauri na njia ya nne, asidi ya kusafishia marumaru ya chooni. Inauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi, na kweli hula kutu kwa dakika chache mbele ya macho yako. Lakini ni asidi ya kloridi. Itaacha kwenye vishimo kitu kile kile kilichoanzisha ugonjwa, na mvuke wake peke yake utatia kutu kila chuma kilichomo chumbani, pamoja na ambacho hukukigusa. Kataa kwa heshima. Moto nao ukatae: kuna wanaotupa tezo kwenye makaa ili kutu ipukutike. Kutu itapukutika, na ugumu wa makali utaondoka nayo.

Sasa ndipo unaposugua. Kumbi la nazi pamoja na jivu la kuni hutoa uji mweusi vizuri, na jivu halina madhara kwa chuma. Mchanga wa pwani usiutumie hata kidogo, kwa sababu unaoujua. Pale panapokataa, tumia brashi ya waya wa shaba, kisha msasa wa namba 240 uliolowekwa mafuta ya taa. Funika pua na mdomo. Vumbi la kutu na la rangi za zamani halifai mapafu.

Na ujue pa kusimama. Chuma kilichosafishwa kwa molasi au kwa umeme kina ngozi nyeusi au ya kijivu iliyokolea. Ngozi hiyo ni rafiki. Imeshikana na chuma na inashika mafuta vizuri kuliko uso uliong'arishwa. Warithi wengi huona bado hakijasafika, wakaendelea na msasa mpaka chuma kikawa cheupe, chapa ikafutika, na pembe zilizokuwa kali zikawa za mviringo. Kwenye patasi ni sehemu mbili tu zinazotaka kuwa nyeupe: mgongo wake bapa, kama urefu wa vidole viwili kutoka kwenye makali, na ule mteremko unaokata. Kwingine kote acha.

Skurubu zilizokwama ni subira tupu. Changanya mafuta ya taa na mafuta ya gia, nusu kwa nusu, dondoshea asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, na kila mara ugonge kichwa cha skurubu kwa nyundo ndogo, taratibu, ili mafuta yashuke kwenye nyuzi zake. Tumia bisibisi inayojaza mfereji wote. Nyembamba itauharibu mfereji na baada ya hapo utabaki na keekee tu. Jaribu kuikaza kidogo kabla ya kuifungua, mara nyingi ndivyo inavyoachia. Kabla ya kuifumua randa ya chuma ipige picha kwa simu kila hatua, na vipande vidogo uviweke kwenye trei ya mayai kwa mpangilio wa kutoka. Randa ya mbao ni nyepesi zaidi: gonga kisigino chake, kabari inalegea, chuma kinatoka. Mwili wake wa mbao usiuloweke popote. Ukiwa na matundu ya bungo, upake mafuta ya taa kwa brashi, mara kadhaa, uuache ukauke vizuri.

Msumeno unataka sura yake peke yake, kwa kuwa ni bati jembamba lenye mvuto wake, na ukipinda haurudi kwa urahisi. Toa mpini. Laza bati juu ya ubao ulionyooka na usiliinue mpaka umalize. Paka mafuta ya taa, kwangua kwa wembe ulioshikwa kwa pembe ndogo, kisha pitisha msasa uliofungwa kwenye kipande cha mbao, ukienda kwa urefu wa bati. Kwenye misumeno ya zamani chapa ilichorwa juujuu kwa asidi karibu na mpini, na inaondoka kwa kusuguliwa kidogo tu, kwa hiyo pale tumia kidole na kitambaa. Meno yanolewe kwa tupa ya pembetatu, yote ya upande mmoja kwanza, ndipo ugeuze. Kisha yapindwe kidogo, moja kushoto moja kulia. Msumeno wa kukatia mwembe mbichi unataka meno yaliyopanuka zaidi kuliko wa mninga mkavu, vinginevyo utakwama katikati ya gogo.

Kunoa tezo ndiko kunakomtofautisha aliyerithi sanduku na aliyerithi ufundi. Kwanza pima ugumu kwa tupa ya zamani. Pitisha tupa juu ya ulimi: ikiteleza bila kung'ata, chuma kigumu bado kipo. Rudi nyuma kidogo kidogo mpaka mahali ambapo tupa inaanza kung'ata, uweke alama. Hapo ndipo ulimi uliounganishwa na mhunzi unapoishia, na baina ya alama ile na makali ndimo ulimo umri wote uliobaki wa zana. Ikiwa ni nusu inchi, usiupoteze kwa grenda ili kuondoa kishimo kimoja. Kishimo kwenye makali ya tezo kitaacha mstari mwembamba kwenye mti. Mstari huo hauzamishi chombo.

Ukilazimika kutumia grenda kwa sababu ulimi umevunjika, gusa na uondoe, gusa na uondoe, na kila mara uchovye majini. Ukikiona chuma kikivaa rangi ya majani makavu, joto limefika kama nyuzi 230 na bado uko salama. Ikija buluu umepita kwenye 300, na sehemu ile imelainika. Haitashika makali mpaka uisage yote au umpelekee mhunzi aifue na kuizima upya. Jiwe la mkono na maji huchukua jioni nzima, lakini halijawahi kuichoma tezo ya mtu. Ndani ya tezo kumepinda, kwa hiyo jiwe bapa halitafika. Funga msasa kwenye kipande cha mpini wa mviringo uutumie kama jiwe. Noa upande wa nje kwa pembe ile ile aliyoiacha mzee. Alikuwa na sababu zake, nazo zinahusiana na urefu wa mkono wake na mti aliouchonga. Ukishaitumia mwezi mmoja utajua kama nawe unataka pembe nyingine.

Mpini mpya uchongwe kwa mpera, kama unaupata mnyoofu, kwa kuwa una nyuzi zilizoshikana na hauvunjiki ghafla. Mkoko ni mgumu na watu wataupendekeza, lakini mikoko ya ghuba hii inalindwa na ukataji una utaratibu wake. Mpera uko nyuma ya nyumba. Pasua gogo kwa kufuata nyuzi badala ya kulipasua kwa msumeno, liache likauke kivulini kipindi chote cha kaskazi, ndipo uchonge. Mbao iliyochongwa mbichi itasinyaa ndani ya tundu, na kichwa cha tezo kitaruka siku usiyoitegemea, pengine mbele ya uso wa mtu. Kwa sababu hiyo hiyo usiloweke mpini uliolegea ili uvimbe. Utavimba, utakandamizwa na chuma, ukikauka utalegea kuliko mwanzo. Piga kabari mpya, kisha ulishe upande wa juu, ule wa kabari, mafuta ya kitani mpaka ukatae kunywa.

Kuhusu mafuta ya kukingia chuma, wazee walitumia sifa, mafuta yale yale ya samaki waliyopaka vyombo, na yanafanya kazi kwa anayevumilia harufu. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa wiki kadhaa, baadaye huchacha. Mimi hupendelea nta ya nyuki: sehemu moja ya nta kwa sehemu tatu za mafuta ya mashine, ikayeyushwa kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Chuma kipashe moto juani kwanza, upake nta ikiwa vuguvugu ili iingie vishimoni, ufute ziada. Nta haitiririki kwenye joto la Februari kama mafuta matupu yanavyofanya.

Sanduku lisikae juu ya sakafu ya saruji. Liinue kwa vipande viwili vya mbao. Usifunge zana kwenye mfuko wa plastiki, kwa kuwa mfuko utakamata unyevu ulioingia nao. Usiache patasi ndani ya ala ya ngozi; ngozi hunyonya chumvi na kuihifadhi. Kitambaa cha pamba kilicholoweshwa mafuta kidogo kinatosha, na uwe na tabia ya kukifungua mwanzoni mwa kusi na mwisho wake. Siku yoyote zana ikienda pwani, ikirudi ioshe kwa maji baridi kabla hujala, uifute, uipake. Kazi yote ya wiki mbili ile inaweza kurudi mwanzo kwa mchana mmoja wa uvivu.

Vitabaki vitu visivyofufuka. Biti ya keekee iliyoliwa mpaka ikawa nyembamba kama kijiti itavunjika ndani ya ubao na kukuachia kazi ya kuichimbua. Patasi yenye vishimo mpaka kwenye makali, kila ukinoa unakuta kishimo kingine nyuma yake. Hizi usizipeleke kwa wanaonunua vyuma chakavu kwa kilo. Mpelekee mhunzi patasi hiyo, mwambie akate ncha, aifanye butu na kuipanua kidogo, uwe na chembeu. Chembeu halikati chochote. Linashindilia pamba baina ya mbao, na kwa kazi hiyo vishimo havina ubaya wowote, ilimradi uso wake usiwe na ukingo wa kukata nyuzi za pamba. Chuma cha Sheffield kilichokataa kuwa patasi kinaweza kuziba vyombo vya Fumba kwa miaka mingine mingi.